Baridi ya Chini

Mwaka jana tulikwenda kichwakichwa:
mablanketi manne, yale mazito ya picha ya simba,
na boya la kuogelea, rangi ya waridi,
lililobaki siku ile ya Sawadi.
Saa tisa za usiku Jabal Shams ikatufundisha.
Juu tumefunikwa kama mali ya wakfu,
chini hewa ya boya imepoa kama maji ya mtungi,
nikawa nageuka, nageuka, chapati isiyoiva,
mpaka tukahamia garini, hita inanguruma,
na mama: "Haya ndiyo uliyoyalipia petroli?"

Mwaka huu nimeingia dukani, Firq, njia ya Nizwa,
mshahara wa Desemba ungali moto mfukoni.
Biju amevipanga vigodoro kwa namba:
moja na nukta tatu,
tatu na nukta mbili,
tano na nukta nne.
"Namba za nini?"
"Za ukaidi," kwa Kiarabu chake cha sokoni.
"Ikipanda, ardhi inazidi kushindwa."

Cha kwanza sponji la mikunjo, trei ya mayai hasa.
Rial sita. Hakitoboki,
na mbuzi wa mlimani akikitafuna
utalalia kilichobaki.
Cha pili kinajivutia pumzi chenyewe,
kizito kama mtoto aliyesinzia begani.
Cha tatu ukikikunja kinaingia mkono wa kanzu,
tumboni kina utando unaong'aa,
nacho kina ila: ukijigeuza, krr,
karatasi ya pipi kwenye hitima.
Rial arobaini na mbili.
Nikayaona matairi mawili yakibingirika kwenda zao.

Mama, aliyekuja kwa shingo upande, akavua viatu.
"Tandika."
Kwenye vigae, kiyoyozi kimepigwa kumi na sita,
Bi Ghaniya binti Sleyum
akajinyoosha na abaya lake,
pochi kifuani, macho darini.
Vijana wawili waliofuata majiko ya gesi
wakageukia ukuta kwa adabu.
Cha kwanza: "Kiuno kinauliza maswali."
Cha pili akalala ubavu: "Nyonga imefika chini, imebisha hodi."
Cha tatu, kimya.
Tukangoja. Biju akanitazama.
"Mama?"
"Hebu nyamazeni, ndio kwanza unakuja."

Alipoketi akapitisha kiganja juu, akakipitisha chini.
"Mbona hiki hakina joto?"
"Si jiko," Biju akasema. "Lako tu, kinalizuia lisitoke."
Nikamfasiria. Akafikiri.
"Basi ni kufuli. Na kufuli tupu haliuzwi arobaini na mbili."
Tukatoka kwa thelathini na nane,
kiraka na gundi juu yake,
na sponji la rial sita, langu,
kwa kuwa mshahara ulikuwa umekwisha kupoa.

Huku juu sasa upepo unaisuka mitarakwa.
Maji ya birika yamefanya ngozi ya barafu.
Mama amelala, krr, halafu mkoromo, halafu krr,
nami nipo juu ya mikunjo yangu
ardhi ikinidai taratibu, begani, pajani,
mdai mpole anayejua unapoishi.
Nimevaa soksi mbili mbili. Nimetia koti chini ya mgongo.
Nahesabu nukta nilizozikosa.

"Umelala?"
"Nimelala."
Mkono ukatoka kwenye blanketi la simba,
ukanigusa katikati ya mgongo kama daktari.
"Mwongo. Sogea."
"Mama, upana wake sentimita hamsini na moja."
"Mimi nimekuuliza upana?"

Tukapangana ubavu kwa ubavu, sahani kabatini,
goti langu nje, kiwiko chake mbavuni mwangu.
Krr, akasema.
Krr, nikajibu.